Ardhi Haichakai

Alipanda ngazi za ofisi yangu, juu ya duka la magodoro,
Bi. Rhoda Kemuma, mkebe wa mafuta ya kupikia kwapani,
na ndani yake risiti za miaka sita.
"Nipangie," akasema. "Wananimaliza."

Nikazimwaga mezani. Misumari. Rangi, ndoo mbili.
Fundi Masakhwe, choo namba nne.
Fundi Masakhwe tena, choo kilekile.
Vyumba kumi na viwili kule Mwariki,
vilivyojengwa kwa mafao ya kiwanda cha pareto,
kwa mkopo wa chama,
na kwa mgongo wake mwenyewe.

Kiswahili hakimhurumii mwenye nyumba:
inayoingia tarehe tano ni kodi,
inayotoka tarehe ishirini ni kodi.
"Na wewe umekaa mlangoni," akanicheka,
"unaziangalia zikipishana."

Nikamweleza njia mbili.
Ya kwanza nyepesi: kila mwezi umege kipande cha mapato ghafi,
upeleke, ulale. Serikali haiulizi kama choo kilipasuka.
Ya pili ndefu: mwisho wa mwaka ukae na daftari,
utoe riba, utoe bima, utoe Masakhwe na choo chake,
ndipo utozwe kwenye kilichobaki.
Nikamchorea na safu ya uchakavu:
bati hili miaka ishirini, bomba hili minane,
kila mwaka thamani ishuke ngazi moja, polepole,
kama mgonjwa aliyeambiwa asikimbie.

"Na kiwanja?"
"Ardhi haichakai, mama. Ardhi haina safu."

Hiyo aliipenda. Alishuka akiirudia,
ardhi haichakai, ardhi haichakai,
mkebe mtupu ukigonga chuma cha ngazi.

Mvua ndefu ikaja, ikasahau kuondoka.
Ziwa halikupiga hodi. Lilianza na mfereji,
likaingia namba kumi na mbili, likalowesha godoro,
likaingia namba kumi na moja.
Wapangaji wakahama usiku, wengine na deni la miezi miwili.
Mtoto wa jirani akavua perege
ndani ya namba sita, penye kitanda.

Nilienda na viatu vya mpira.
Bati tu ndilo lililoonekana, lile la miaka ishirini,
ndege mweupe amesimama juu yake
kama mpangaji asiyeulizwa kitambulisho.
Safu yangu nzuri, ngazi moja kwa mwaka!
Ziwa lilizishuka zote kwa msimu mmoja.

Bi. Rhoda alikuwa amekunja leso hadi magotini.
"Mhasibu." Hakunitazama.
"Ulisema nini kuhusu ardhi?"

Wahenga walinifunza kazi hii kwa mstari mmoja,
mali bila daftari hupotea bila habari.
Ya kwake ilikuwa na daftari. Mistari myekundu, risiti zimebandikwa.
Ilipotea na habari zake zote.

Tarehe kumi na tisa alipanda tena.
"Niambie hawanidai kitu."
"Hawakudai. Lakini sharti useme wewe mwenyewe
kwamba hawakudai. Kabla ya kesho usiku.
Ukinyamaza, kuna faini."
Alicheka hadi akashika meza.
"Nitozwe kwa kutosema sina!"

Nikafungua tarakilishi. Mtandao ukazunguka, ukazunguka.
Mapato ya kodi, mwezi wa kumi:
nikaandika sifuri.
Akavaa miwani, akaisogelea.
"Imefanana na ziwa," akasema,
"ukilitazama kutoka Menengai."

Nikabonyeza. Ikakubaliwa papo hapo,
namba ya stakabadhi ndefu kuliko ya simu.

Hakuinuka. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole.
"Masakhwe ananidai elfu mbili za kile choo," akasema.
"Nitamlipa Ijumaa.
Hiyo utaiandika wapi?"