Kituo Namba Saba, Banda la Manyoya

Sanduku nililifunga mgongoni mwa Pulane
kwa kamba ileile ya magunia ya mahindi,
na lakiri yake ikawa inagongagonga
kama jino bovu, tangu Mokhotlong hadi Ha Rantšo:
saa sita za kupanda, theluji ikishuka kimyakimya
kama mtu asiyetaka kuhesabiwa.
Mtoni nilishuka, nikashika mkia wa farasi,
maji yakanifika kifuani.
Sanduku halikulowa. Hilo niliapishwa.

Kituo chetu ni banda la kukatia manyoya ya kondoo.
Mafuta ya sufu yameng'ang'ania mbao,
mizani ya marobota inaning'inia darini,
na chini yake nikapanga meza, wino, mihuri,
na karatasi ya kura ndefu kama shali:
vyama hamsini na kitu, kila kimoja na alama yake,
birika, ngazi, jogoo asiye mkia,
na chama kilichojitenga na chama
kilichojitenga na chama cha marehemu baba.

Walikuja wamejifunika mablanketi hadi machoni.
Wengi wanawake. Wanaume wako Welkom, chini ya ardhi,
au wamerudi na vifua vinavyopiga filimbi.

'Malineo akauliza, kalamu mkononi:
"Na niliyemchagua akishindwa?"
Nikamwambia viti ni mia na ishirini.
Themanini vina wenyewe, jimbo kwa jimbo;
arobaini hugawiwa baadaye, kuvifidia vyama vilivyopunjika.
Kura yako ikikosa mlango, itaingia kwa dirisha.
Akacheka. "Na hao wa dirishani,
barabara nitawadai wapi?"
Nikafungua mwongozo, kurasa tisini.
Nikaufunga.

Seabata, aliyeachishwa mgodini mwaka juzi,
alitaka kujua Mfalme yuko ukurasa gani wa karatasi hii.
Hayumo, nikasema. Katiba imempa kiti, haikumpa usukani.
"Ahaa," akasema, "abiria mwenzangu,"
akaenda kupiga kura yake, akatoka amevua kofia.

Usiku tulihesabu kwa taa ya chemli.
Mia na themanini na saba.
Moja haikuwa na alama yoyote ndani ya visanduku:
mtu alikuwa amechora daraja.
Upinde mmoja juu ya vyama vyote,
nguzo mbili, na chini mawimbi matatu ya mto.
Alikuwa amechora hata vyuma vya kushikilia.
Mawakala wanne, waliogombana tangu alfajiri
juu ya benchi, juu ya wino, juu ya nani kakohoa,
waliinama pamoja, wakakubaliana kwa sauti moja:
nia ya mpiga kura haieleweki.
Nikaandika: *imeharibika*. Nikatia sahihi.

Huko Maseru wakapeana mikono.
Vyama vinne, serikali moja,
blanketi mpya mabegani, picha kwenye ngazi.
Miezi kumi na minne ikadumu.
Kisha mmoja akanyimwa wizara aliyoitaka,
akainuka, akavuka sakafu ya Bunge
kwenda benchi za upande wa pili.
Nilimwona kwenye televisheni ya dukani kwa Thesele,
nikahesabu, kwa mazoea ya kazi:
hatua kumi na moja juu ya zulia.
Hakulowa hata kiatu.
Hesabu ya viti ikapinduka, Bunge likavunjwa,
na Thesele akapunguza sauti ili auze sukari.

Leo tena nimelifunga sanduku.
Kamba ni ileile, lakiri ni mpya,
karatasi imerefuka kwa vyama sita.
Pulane haongozwi tena; njia anaijua.
Tumefika mtoni. Amesimama mwenyewe,
amegeuza shingo, ananitazama
nikivua viatu.