Maoni ya Mshauri wa Pili

Kwenye jalada nimepewa mstari mmoja:
"Mshauri wa pili hakubaliani."
Karani ana mwandiko mzuri, sina ugomvi naye,
ila mstari ule unanibana kama kiatu cha mtoto.

Basi naandika hapa nyumbani, Kitangari,
kwa kalamu iliyozoea kilo,
maana kabla ya kuitwa mahakamani
nilikaa miaka kumi na tisa kwenye mizani ya chama cha msingi.
Gunia lenye mchanga nililijua kwa kishindo chake.

Shauri si refu.
Mtoto wa Somoe Nalyoto alivunjika paja.
Somoe akaenda kwa Dadi Chihipu, akachukua laki na ishirini,
akaacha mikorosho kumi na miwili.
Karatasi ipo, imechanwa kwenye daftari la hesabu:
"Mikorosho inakaa kwa Chihipu mpaka hela irudi."
Chini, dole gumba la bluu, limeteleza kidogo kushoto.

Misimu tisa Chihipu ameokota.
Nimepiga hesabu, nisameheni, ni mazoea:
mti mmoja kilo kumi, tuseme mwaka mbaya,
zidisha kwa miti, zidisha kwa misimu,
zidisha kwa bei ya mnada,
toa salfa, toa palizi,
toa na yale makato tusiyoyaelewa.
Hela imerudi.
Imerudi, ikaondoka, ikarudi tena na wajukuu.

Hakimu, kijana msafi, akasema:
karatasi imetaja hela, haikutaja korosho.
Nikauliza: mheshimiwa, kangomba tumekatazwa.
Anayenunua korosho kwa bakuli, zingali maua,
anakamatwa usiku, nasi tunashangilia.
Huyu aliyenunua mti mzima kwa bakuli,
na msimu wa kesho, na wa kesho kutwa,
tumwite nani?

"Hilo halimo kwenye madai."

Kweli, halimo.
Sheria hupima kilichowekwa juu ya mizani.
Lakini mpimaji anayejua kazi
hutazama pia mguu wa nani umeinua sahani kwa chini.

Julai tukaenda shambani, mahakama nzima:
hakimu, karani, washauri wawili, wadaawa,
na mbwa asiyehusika.
Salfa ilikuwa bado majanini. Hakimu akapiga chafya tatu,
na karani, kwa uaminifu wake, nusura aziandike.
Tukahesabu. Kumi na minne.
Tukahesabu tena tukianzia upande wa Chihipu. Kumi na minne.

"Nani kapanda hii miwili?"

Chihipu akamtazama Somoe. Somoe akatazama chini.
Hapo kila mmoja angeweza kudanganya,
wasidanganye. Niliwaheshimu.
"Imejiotea," Somoe akasema.
"Korosho zilidondoka, hawakuziokota."

Mbuzi wa rehani akizaa, mila ina jibu.
Mkorosho ulipojizalia, tulikohoa wote.

Hukumu ikatoka, wawili kwa mmoja.
Kumi na miwili ibaki kwa Chihipu.
Hii miwili, kwa kuwa haimo kwenye karatasi, ni ya Somoe,
ila kuifikia lazima apite chini ya ile kumi na miwili,
juu ya ardhi ambayo hakuna aliyewahi kusema si yake.

Mimi nasema rehani haiozi.
Ni kuku uliyempa jirani akuatamishie,
hukumpa amchinje.
Na mkopo usiotaja mwisho, mahakama iutafutie mwisho,
la sivyo kila dole gumba wilaya hii
litakuwa bado limegandamizwa pale, halijainuliwa.

Ilipokwisha kusomwa, Chihipu akamshukuru hakimu.
Somoe akauliza swali moja,
la maana kuliko yetu yote siku ile:
"Siku thelathini za rufaa zinaanza leo au kesho?"

Karani akafungua kitabu, akapekua, akapekua.
Nilimwambia Somoe ahesabu kuanzia leo,
isije ikawa.