Pishi ya Mfuto, Pishi ya Tele

Jana usiku amenifuta tena.
Saa tano na robo, umeme umerudi Wete,
nikafungua ukurasa wetu wa Pishi
kwenye ile kamusi elezo tunayoiandika bila ya ujira,
na sentensi yangu haipo.

Ilikuwa sentensi fupi:
*Pemba, mchumaji karafuu alipimiwa pishi ya tele,
mpaka ikafanya kichuguu.*
Pahala pake kaweka: *Pishi ilikuwa ya mfuto .*
Na sababu, maneno mawili: hakuna chanzo.

Chanzo!
Chanzo changu ni bibi yangu, Mize binti Kombo,
aliyeshuka mkarafuuni na pishi sita
akaandikiwa nne.
Vidole vyake vilinukia karafuu
hata siku tuliyomkosha.
Lakini tanbihi haipokei harufu.
Inataka jina la kitabu, mwaka, na ukurasa.

Nikarudisha. Akafuta.
Nikarudisha.
Mara kumi na moja baina ya Ijumaa na Jumatatu,
kama watoto wawili na mlango mmoja,
huyu yuko ndani anasukuma, huyu yuko nje anasukuma,
na mlango ndio unaoumia.
Anajiita Mwana-wa-Ole. Uso wake siujui.
Najua tu kwamba huacha nafasi kabla ya kila mkato ,
hivi ,
nami nikaichukia ile nafasi
kama mtu anavyochukia kikohozi cha jirani.

Ndipo akaingia Zuwena, anasomea uuguzi Mkoani.
Anaandika kama mtu aliyekwisha kunawa mikono.
Hakusema nani mkweli.
Akaufunga ukurasa, akaacha ubeti mlangoni:

*Siku saba naufunga, ukurasa upumue,
Msirushiane panga, kila mtu atambue,
Hoja ya unompinga, iandike ichanue,
Kisha ndipo tutapanga, kipi kibaki, tujue.*

Nilicheka.
Usiku wa pili sikucheka.
Kumwandikia adui hoja yake, na ichanue!
Nilianza kwa ubaya, nikafuta mwenyewe.
Nikaanza tena:
*Kipimo cha haki huishia ukingoni.
Mpimaji hupitisha ubao juu ya pishi,
kinachozidi kikarudi mkekani kwa mchumaji.
Kupitisha ubao huko ndiko kufuta.*

Hapo kidole kikaganda.
Kufuta.
Miaka yote nalitumia neno hili sijalisikia.
Ubao ulioifuta pishi ungemrudishia bibi yangu
kile kichuguu alichopokonywa.
Huyu bwana anatetea dunia
ambayo Mize binti Kombo angelala na pishi zake sita.
Kosa lake ni kuamini kwamba ilikuwapo.

Siku ya saba akaleta yake.
Ameniandika vizuri kuliko ninavyojiandika,
na nafasi zake kabla ya mikato.
Chini akaongeza, bila ya kuombwa na mtu:
*Babu yangu alikuwa mpimaji . Ubao wake ninao ,
wa mfenesi . Nimeutazama leo kwenye mwanga .
Ukingo haujalika hata kidogo .*

Basi. Hakuandika zaidi.
Sikujua nijibu nini, nikaandika: Ahsante.
Nikaona ni kidogo, nikaiacha vivyo hivyo.

Zuwena akasema ubao nao si chanzo.
Kweli, si chanzo.
Tukabishana siku mbili zaidi, juu ya neno "baadhi",
na sasa imesimama hivi:
*Vitabu vya vipimo vinataja pishi ya mfuto ,
ila baadhi ya wachumaji walisimulia pishi ya tele*,
na nyuma yake kialama kidogo cha kudai ushahidi,
kinaning'inia kama deni la dukani.

Jumamosi anakwenda Mtambwe na kinasa sauti,
kuna bibi wawili huko wangali wanakumbuka.
Ameniuliza kama nitakwenda.
Nimemwambia nitaangalia zamu.

Leo nimeipitia tena ile sentensi.
Baada ya "mfuto" kuna nafasi, kisha ndiyo mkato.
Nimeweka kidole juu ya kitufe cha kufutia.
Nimekiondoa.