Mwisho Nyuzi Sitini

Diski imekuja na boti ya jana
ndani ya soksi ya mtoto, na karatasi:
MIZE SHAAME, WETE. USIIWEKE JUANI.
Mna kipande cha mnyoo wa kichocho, mwembamba kuliko pumzi,
kilichogandishwa ghafla nchi ya mbali
hata maji yake hayakuwahi kuota ncha za barafu,
yakabaki kioo.

Walikiinamisha mara arobaini na moja,
nyuzi tatu, nyuzi tatu,
kila mwinamo picha, kila picha kivuli.
Mie kazi yangu kuvirudisha vivuli viwe mwili.

Naanza na chembe za dhahabu.
Nazifuata picha hadi picha
kama mama na wanawe sokoni mkesha wa Idi:
huyu yupo, huyu yupo, huyu
kapotea picha ya thelathini na tatu.
Narudi nyuma. Kumbe kajificha nyuma ya mwenziwe.
Zikishapangana, programu inashona.
Saa mbili na nusu.
Umeme ukikatika, mtu asinisemeshe.

Kisha inafunguka: majivu juu ya majivu.
Nakata ubale baada ya ubale,
kipanya chini ya kidole, juu, chini,
kama apekuaye msahafu akitafuta aya
anayoijua kwa sauti tu.
Nasogeza kizingiti. Kushoto kidogo, skrini nzima mchanga;
kulia kidogo, hakuna kitu, hata mnyoo hayupo.
Hapo kati, upana wa unywele:
utando.

Nautia rangi. Programu nayo inapendekeza,
imejifunza kwa tando za watu wengine,
na mara hupaka ukuta pasipo ukuta.
Nafuta. Aliyenifunza kupiga hina alisema,
mkono ukitetemeka ungoje mkono,
usilaumu piko.

Ndani ya ukuta, ribosomu. Naziona zaelea,
nyeusi, kama punje za pilipili manga kwenye uji.
Nazichagua: elfu nane, mia mbili na sita.
Peke yake kila moja ni uvumi.
Zikilazwa moja juu ya nyengine, kelele zinachoka,
umbo linasema.
Zile zisizokubali kulala na wenzao
programu yataka kuzitupa.
Nimezifungulia faili lao.
Nimeliita Hamadi.

Kaka yangu Hamadi alikojoa damu ana miaka kumi,
wenziwe mtoni wakampigia makofi:
leo umekuwa mwanamme!
Na yeye akacheka. Nilikuwapo, nimeshika shati lake.
Alipofika thelathini na minne tukamzika Utaani, mvua inanyesha,
na kwenye ripoti sasa yumo
baada ya nukta ya desimali.

Mashine haiinamishi zaidi ya sitini.
Hapo barafu huwa nene, miale haipenyi,
ndiyo maana kila mviringo humu umerefuka kama yai
na kila chumba kimekosa dari.
Ipo programu mpya hujaza pengo hilo kwa kukisia.
Hukisia vizuri, siidharau.
Lakini huweka picha zote mbili kwenye skrini,
iliyojazwa na yenye pengo,
na jicho langu huenda kwenye pengo.

Jioni mama kapanda ngazi na chai.
Akasimama nyuma yangu, kikombe mkononi.
Mnyoo ulikuwa ukizunguka polepole,
kuta za buluu, punje za manjano.
“Ndiye huyu?”
Ndiye.
Akanyamaza muda.
“Mbona mzuri?”

Sikuwa na jibu, nikashika kipanya.
“Mgeuze,” akasema, “nimwone na upande wa pili.”
Nikamgeuza. Dari lake likaja limeyeyuka,
ukungu tu, na nyuma ya ukungu skrini.
“Basi hapo, mama. Picha haina zaidi.”

Akavuta kiti akakaa,
akainywa ile chai aliyoniletea,
yote.