Alhamisi, Saa Tisa

Anaitwa Candia, ana miaka kumi na mitano,
na kwa Kilugbara jina lake ni taabu.
Shangazi yake ndiye aliyenieleza, mlangoni, siku ya kwanza,
kama mtu anayekabidhi mzigo pamoja na risiti.

Chumba chetu kiko nyuma ya zahanati, hapa Arua.
Kilikuwa stoo ya neti; bado kinanuka dawa ya mbu.
Viti viwili vya plastiki. Meza hakuna.
Saa ya ukutani niliihamisha tuione sote wawili,
asidhani namwibia dakika.

Wiki nne hakusema neno.
Alihesabu misumari ya paa, midomo ikichezacheza,
na mimi nikashikwa na usingizi, usingizi mzito, wa aibu,
mimi niliyelala vizuri na kunywa chai.
Nikaupeleka kwa Ezaruku, anayenisimamia kazi.
"Pengine si wako," akasema.
"Pengine umeazimwa."

Basi wiki ya tano nikamwambia kijana:
"Humu ndani kuna kitu kinachotaka tulale."
Akaacha kuhesabu.
"Mia moja na kumi na mbili," akasema,
na hiyo ndiyo zawadi yake ya kwanza.

Ushauri sikumpa. Ushauri anao tele:
mchungaji, mwalimu wa zamu, mjomba wa tumbaku.
Mamake alivuka kwenda Kongo na magunia ya unga,
akasema Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.
Hili alilitoa vipande vipande, Machi nzima.
Siku moja akaniita "mama", kisha akakohoa
kana kwamba neno ni mwiba wa samaki.
Nikaliacha lipoe kati yetu.

Aprili nikafiwa, nikaenda kwetu Nebbi.
Alhamisi mbili. Nilimtumia ujumbe; akajibu "sawa".

Niliporudi alichelewa dakika arobaini
katika hamsini zetu, akakaa kwenye kiti changu.
Nikakaa kwenye chake.
Kumbe kutoka pale mlango hauonekani.
Miezi yote hii nimemketisha mtoto huyu
mgongo kwa mlango.

Akatazama juu. "Msumari mmoja haupo," akasema.
"Ulienda wapi?"

Sikujua anauulizia msumari au ananiuliza mimi.
Yeye Mlugbara, mimi Mualur, Kiswahili tumekiazima wote,
nacho hakikutusaidia kutofautisha.
"Unaniuliza mimi," nikasema.

Ndipo akapiga kelele. Muuguzi alichungulia dirishani.
Nilikuwa mwongo, nilikuwa kama wote,
nikae huko huko Nebbi na maiti wangu.
Zilibaki dakika kumi; alizitumia zote,
na nikambakia pale, bila kujitetea, mikono ikinitetemeka kidogo.

Saa ilipogonga akafuta uso kwa kola ya shule.
"Alhamisi?"
"Alhamisi."

Alipotoka nikainua macho, nikaanza kuhesabu.
Nilikuwa sitini na kitu
muuguzi alipobisha, akitaka kiti.