Ishara ya Tisa

Mishi amenivika vitufe kumi:
kimoja kila kidole, kimoja mgongoni mwa kiganja,
kifundo, kiwiko, bega, kifua.
Vidogo kama vifungo vya shati la shule.
"Hakuna waya, mzee. Vinazungumza hewani."
Nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo,
ule ambao kiharusi kiliniachia.

Bila waya!
Miaka thelathini na mmoja, bandarini Kilindini,
nilisimama kwenye mdomo wa ngama
nikiamrisha chuma cha tani tano kwa vidole hivi hivi:
inua, shusha, taratibu, simama.
Na Mutinda, kule juu kwenye kibanda cha kreni,
mdogo kama chawa kwenye mshono,
akisikia kwa macho.

Ananieleza, maana nimeuliza.
Kidole humpa kiganja habari, kiganja kifundo,
hivyo hivyo mpaka kifuani,
na kifua hurusha hadi kisanduku cha dirishani
kilichowekwa juu ya kopo la majani ya chai.
Nikigeuka ghafla, habari nyingine hupotea njiani:
mwili ni maji, asema, na maji humeza mawimbi.

Hilo nalijua, binti yangu.
Sisi tulipokezana vivyo hivyo.
Nyamawi chini ngamani, mimi mlangoni, Mutinda angani.
Nyamawi hamuoni Mutinda.
Mutinda hamuoni Nyamawi.
Wote wawili wananiona mimi.

"Weka kiganja mezani. Hapo ndipo sifuri."
Kila dakika kumi tunarudi sifuri,
kwa sababu vitufe navyo huteleza:
vikiachwa, vitaapa mkono uko Likoni
na uko hapa Tudor, juu ya kitambaa cha maua.

Kunja ngumi. Kunjua.
Shika kikombe ambacho hakipo.
Kwenye kioo mistari mitatu yakimbizana
na ndani yake, wazi kama maandishi, mtetemo wangu,
ule ambao Mwanamkuu hujifanya haoni
anaponitilia chai nusu kikombe.

Ya tisa: "Pangusa jasho, mzee.
Kawaida tu, kama uko juani.
Programu yangu hulichanganya hilo na kushusha mkono.
Bado haijui tofauti."

Bado haijui tofauti.

Ilikuwa Februari, saa nane, nondo zikining'inia.
Nyamawi aliinua mikono yote miwili: simama.
Nilimwona. Sitasema sikumwona.
Neno lilikuwa tayari machoni mwangu,
limebakiza safari ya kufika vidoleni.
Jasho likaniingia jichoni
na mkono, bila kuniuliza, ukaenda usoni,
ukapangusa, ukashuka.
Basi.
Mutinda aliona shusha, akashusha.
Mutinda hakukosa.

Hakufa, Nyamawi.
Alirudi Rabai na mguu mmoja,
na kila mavuno huniletea mihogo kwa mkono wa mwanawe
na salamu ndefu kuliko ninavyostahili.
Kwenye fomu ya kampuni, penye "chanzo cha ajali,"
niliandika neno moja: jua.

Mkono umesimama hewani,
inchi mbili kutoka kwenye paji.
Feni inazunguka. Mstari kwenye kioo umelala
kama maji ya ndoo.

"Umechoka, mzee?"
"Nimechoka."
Anaandika. Nasoma juu chini, macho yangu bado mazima:
*sekunde sita. uchovu.*

Vitufe kumi, na hakuna hata kimoja kilichosema uongo.
Vimeona kila kitu ila nondo.

"Turudie," asema Mishi kwa upole,
"inahitaji mara hamsini ndipo ijifunze."

Mara hamsini.
Nikarudisha kiganja mezani, pale kwenye sifuri.
Nikamwomba afunge pazia, jua linanipiga.
Akafunga.
Nikainua mkono nikahesabu: moja.