Saa Tatu

Shee wa dukani alinifundisha kwa kidole chembamba:
bonyeza hapa, mama, usiachie upesi,
itakuuliza siku, itakuuliza saa,
kisha nenda zako ukalale, ujumbe utaondoka wenyewe.
Hamsini yangu aliikataa mara moja tu.

Nikarudi Majengo, nikafunga mlango,
nikaandika niliyoyameza miaka mitatu:
"Kombo, cherehani ya mama njoo uichukue. Nilikosa."
Maneno saba, na kila moja lilikwaruza lilipopita.

Maana siku ya pili baada ya arobaini
mimi ndiye niliyeita mkokoteni,
nikaihamisha cherehani kutoka Mishomoroni
kabla matanga hayajakunjwa vizuri.
Na yeye hakubishana. Aliinama kama anayefuta vumbi,
akachomoa bobini na kasha lake,
akavifunga kwenye pindo la kanga.
Tangu hapo mimi nina mashine inayotapika uzi wa chini,
yeye ana kichuma cha ukubwa wa kwaju.
Bobini nilizonunua zote zinapwaya.
Kanzu za watoto wa chuoni hurudishwa zimefumuka makwapani.
Wakigombana ndugu, shika jembe ukalime:
majirani zetu walishika, wakalima,
wakavuna maneno misimu yote, vuli na masika.

Sasa saa.
Kombo namjua. Hasemi na mtu kabla ya chai,
na chai hainywi kabla ya kufagia ua,
na ua haufagii nusunusu.
Basi saa tatu. Nikaandika tatu, nukta mbili, sifuri, sifuri.
Simu ikanionyesha herufi mbili, A na M,
na Shee alikwisha niambia hizo ndizo asubuhi.

Na hili nalo niliseme:
niliipanga ili nipate usiku mzima wa kughairi.
Ningeamka alfajiri, nisali, nichemshe tangawizi,
halafu saa mbili na nusu niufute,
nibaki mtu aliyeomba radhi
bila kupungukiwa na kitu.

Nikalala. Nilikoroma, nadhani. Huwa nakoroma.

Lakini simu haikuzaliwa Mvita.
Haijui kwamba sisi saa zetu tunaanza kuzihesabu
jua likishatoka.
Kwake tatu ni tatu, ile iliyo katikati ya giza,
ambayo sisi tunaiita saa tisa,
majogoo ya kwanza bado,
hata malori ya Changamwe yamezima injini.
Ikatuma.

Nilipoamka, kidole kikiwa tayari,
hapakuwa na cha kufuta.
Palikuwa na jibu, la saa tisa na dakika nne:
"Kumbe nawe hulali. Mimi tangu mama sijalala."

Saa tatu akafika. Saa tatu yenyewe,
ya jua kwenye mabati na muuza mahamri akirudi na beseni tupu.
Hakupiga hodi. Alilifungua fundo la kanga kwa meno,
akakipachika kichuma mahali pake, kikalia ta!
akaketi kwenye kiti changu, akakanyaga.
Mshono ukatoka kama mstari wa daftari.
"Umeiacha bila mafuta," akasema.
Ya nani sasa, hatujasema. Mkokoteni haujaitwa.

Shee nilimweleza, akacheka hadi akashika kaunta:
kwenye simu, mama, asubuhi ongeza sita!

Na Kombo kila penye shughuli, sahani ya biriani magotini,
huwasimulia wanawake:
dadangu huyu, saa tisa za usiku,
watu wote wamelala, yeye macho, ananilia mimi.
Wananigeukia.
Nami nalamba ncha ya uzi,
natafuta tundu la sindano.